Usiulize Jinsia Tu, Uliza Kondo Limekaa Wapi!

Mtoto wa kwanza alikuja kwa operesheni, sasa mimba nyingine imeingia. Kabla hamjaanza kubishana kuhusu jina na rangi ya nguo, kuna swali moja la kumuuliza anayekupiga utrasaundi. Ni swali dogo tu, lakini linaweza kuokoa maisha ya mama.

Hebu vuta picha. Ni Jumamosi asubuhi, wewe na baba watoto mpo kwenye benchi la hospitali. Umeambiwa unywe maji mengi, umekunywa, na sasa umebanwa unakaa upande upande. Mtoto mkubwa mmemwacha kwa bibi yake. Jina linaitwa, mnaingia wote wawili, unapanda kitandani, jeli ya baridi inapakwa tumboni na kwenye skrini kichwa cha mtoto kinaonekana.

"Mama, mtoto anacheza vizuri," anasema mtaalamu.

Baba watoto hana subira. "Dokta, tununue mpira au mdoli?"

Kicheko. Jibu linatolewa, picha inachapishwa, mnatoka mnachekelea. Kabla hamjafika kwenye gari, mama mkwe ameshapigiwa, mawifi wameshatumiwa meseji. Dakika kumi, mchezo umekwisha.

Hakuna ubaya wowote kutaka kujua jinsia. Ila ona kilichosahaulika: hakuna aliyemwambia yule mtaalamu kwamba mtoto wa kwanza alitoka kwa kisu. Na hakuna aliyeuliza kondo la nyuma limekaa wapi. Kwa mwanamke mwenye kovu kwenye kizazi, hilo ndilo swali lenye uzito kuliko yote.

KONDO LINAPOGOMA KUACHIA

Kondo la nyuma, ambalo wengine huliita plasenta, ni kiungo cha ajabu. Linaota mimba inapoanza, linafanya kazi usiku na mchana kumpa mtoto chakula na hewa kutoka kwenye damu ya mama, halafu kazi ikiisha linatoka. Kwa kawaida, ndani ya nusu saa baada ya mtoto kuzaliwa, kondo linabanduka, kizazi kinajikaza kama ngumi, mishipa inabanwa na damu inapungua.

Linabanduka kirahisi kwa sababu kati yake na nyama ya kizazi kuna utando laini, kama tandiko. Fikiria kile kikaango kisichogandisha. Kikiwa kizima, yai linateleza lenyewe. Lakini mtu akishakikwangua kwa kijiko cha chuma, pale palipochunika yai linang'ang'ania hata ufanyeje. Kovu la operesheni ndani ya kizazi ni hivyo hivyo. Ule utando haurudi ukawa sawasawa kama mwanzo, na nyama ya pale huwa nyembamba. Mimba inayofuata ikijipandikiza juu ya kovu, kondo linakosa tandiko la kulalia, linashikana na nyama moja kwa moja.

Madaktari wameligawa tatizo hili katika daraja tatu. Kondo likishikana na ukuta wa kizazi bila kuzama, wanaliita akreta. Likizama ndani ya nyama, ni inkreta. Likipenya nyama yote na kutokea upande wa pili, wakati mwingine mpaka likagusa kibofu cha mkojo, hiyo ni pakreta, na hapo ndipo ishu inapokuwa nzito kweli kweli.

Huenda jina hili ulishawahi kulikuta kwenye habari za mastaa. Kim Kardashian wa Marekani amelizungumzia waziwazi. Kwa simulizi yake mwenyewe, mtoto wake wa kwanza alipozaliwa mwaka 2013 kondo liligoma kutoka, daktari akalazimika kulibandua kwa mkono. Tatizo likarudi kwa mtoto wa pili, aliyezaliwa mwaka 2015. Mtoto wa tatu, aliyezaliwa mwaka 2018, alibebwa na mama mbadala. Huyo ni mtu mwenye pesa na madaktari wa kuchagua, na bado jambo lilimtikisa.

DAKIKA MOJA, NUSU LITA

Kwa nini tunatishana? Kwa sababu ya damu. Mimba ikikaribia kutimiza miezi yake, damu inayopita kwenye kizazi ni kati ya mililita 500 na 700 kila dakika. Chukua chupa ndogo ya maji ya dukani, ile ya nusu lita. Ndiyo hiyo, kila dakika moja. Na mwili mzima wa mtu mzima una kama lita tano tu.

Kondo likiwa limeshikana na kizazi halafu mtu akalivuta, linachanika vipande vipande, mishipa inabaki wazi na kizazi kinashindwa kujikaza. Ndiyo maana ugonjwa huu ukigundulika mezani, tumbo likiwa limeshafunguliwa, damu haijaandaliwa na daktari ni mmoja, hali inaweza kuharibika haraka sana. Ukigundulika wiki kadhaa kabla, mambo yanakuwa tofauti kabisa. Hapo ndipo utrasaundi inapoingia.

NANI YUPO KWENYE HATARI?

Tulia kwanza. Kuwa na kovu peke yake hakumaanishi kwamba kondo lako limeganda. Wanawake wengi waliojifungua kwa operesheni wanabeba mimba nyingine na kujifungua salama. Kinachobadilisha hesabu ni vitu viwili vikikutana: kovu, pamoja na kondo lililokaa chini likaziba mlango wa kizazi, hali inayoitwa previa.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, uliofuatilia zaidi ya wanawake 30,000 waliofanyiwa operesheni ya uzazi, ulionyesha hivi. Kwa mama ambaye kondo limeziba njia:

- Kama hii inayokuja ndiyo operesheni yake ya kwanza, uwezekano wa kondo kuganda ulikuwa 3 kati ya 100.
- Kama ni ya pili, 11 kati ya 100.
- Kama ni ya tatu, 40 kati ya 100.
- Kama ni ya nne, 61 kati ya 100.

Unaona ngazi inavyopanda? Na kwa wale ambao kondo halikuziba njia, uwezekano haukufika hata 1 kati ya 100 mpaka operesheni ya tano. Kwa hiyo mwenye kovu akijua tu kondo lake limekaa wapi, ameshajua kama ana sababu ya kuchukua hatua au ya kulala usingizi.

Makovu hayatokani na kujifungua peke yake. Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe kwenye kizazi, au aliyesafishwa kizazi baada ya mimba kuharibika, naye anapaswa kusema. Dada zetu wengi hawaitaji historia hiyo, ama kwa aibu, ama kwa sababu mume mpya hajui. Mpendwa, mwambie daktari hata kama utamwomba mwenzio atoke nje kidogo. Siri hiyo ni yako, lakini daktari anaihitaji.

Na hili si jambo la wachache tena. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 1990 watoto wapatao 7 kati ya 100 duniani walizaliwa kwa operesheni. Kufikia mwaka 2021 shirika hilo lilitaja 21 kati ya 100. Hesabu wenzako ofisini, utakubaliana nasi. Hatuji hapa kumsimanga mtu kwa kupigwa kisu, kwani kisu kimeokoa akina mama na watoto wengi mno. Tunachosema ni kwamba ukishakuwa na kovu, mimba inayofuata inahitaji kuangaliwa kwa jicho la pili.

MASHINE INAONA NINI?

Utrasaundi haitumii mionzi kama eksirei. Ni sauti tu, ya juu kiasi kwamba sikio la binadamu haliisikii. Inatumwa tumboni, inagonga vitu na kurudi kama mwangwi, na mashine inaugeuza mwangwi huo kuwa picha. Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskochi, ndio waliochapisha mwaka 1958 picha zao za kwanza za matumbo na mimba. Walianzia kwenye mashine za viwandani zilizotumika kutafuta nyufa ndani ya chuma. Leo tunaitumia kutafuta udhaifu kwenye kovu la mama, kazi ambayo haiko mbali sana na ile.

Mtaalamu anayetafuta kondo lililoganda anaangalia mambo haya:

Mstari mweusi. Kwa kawaida kati ya kondo na ukuta wa kizazi huonekana mstari mwembamba mweusi. Ukipotea hasa pale kwenye kovu, anashtuka.

Unene wa ukuta. Nyama ya kizazi chini ya kondo ikiwa nyembamba kupita kiasi, chini ya milimita moja, au isionekane kabisa, hiyo ni dalili.

Matundu. Kondo zima huonekana limejaa na tulivu. Lililoganda mara nyingi huwa na madimbwi ya damu yasiyo na umbo maalumu. Umeshawahi kupasua kitumbua ukaona ndani kulivyo matundu matundu? Picha yake inakuwa kama hivyo.

Mpaka wa kibofu. Kati ya kizazi na kibofu kuna mstari mweupe usiokatika. Ukikatikakatika, au kondo likaonekana linasukuma kuelekea kwenye kibofu, hofu inaongezeka. Ndiyo sababu moja ya wewe kuambiwa unywe maji: kibofu kikiwa na mkojo kiasi, mstari huo unaonekana vizuri.

Rangi. Mashine zenye dopla huonyesha damu inavyotembea. Nyekundu na buluu unazoziona si damu safi na damu chafu, kama wengi wanavyodhani. Zinaonyesha damu inakoelekea, kuja kwenye kifaa au kukikimbia. Kwenye kondo lililoganda, mishipa hujaa kama mizizi na mingine huvuka kutoka kwenye kondo kwenda kwenye kibofu.

Wakati mwingine mtaalamu ataomba kutumia kifaa kinachopitia ukeni. Hapo akina baba wengi hukunja sura, na akina mama huogopa damu itatoka. Kipimo hicho kikifanywa na anayejua ni salama hata kama kondo liko chini, na kinaonyesha mlango wa kizazi vizuri zaidi kuliko kile cha juu ya tumbo. Kondo likiwa limekaa upande wa nyuma, au picha ikileta utata, daktari anaweza kuongeza kipimo cha MRI. Lakini mlango wa kuanzia ni utrasaundi.

Je, inaaminika? Mwaka 2013 watafiti walijumlisha tafiti 23 za wanawake waliokuwa kwenye hatari, mimba zaidi ya 3,700, wakakuta utrasaundi ilikamata kama 9 kati ya 10 ya wenye tatizo. Hiyo ni kazi nzuri. Ila elewa maneno "waliokuwa kwenye hatari". Hao ni wanawake ambao mpigaji alikuwa anajua anatafuta nini. Mashine haijui kama una kovu. Usiposema, unaweza kupewa picha nzuri ya uso wa mtoto na tatizo likabaki pale pale. Na hata majibu yakiwa safi, mmoja kati ya wale kumi anaweza kuponyoka. Kwa hiyo mwenye kovu ajifungulie hospitali yenye uwezo wa upasuaji na damu, si zahanati ya jirani kwa sababu foleni ni fupi.

UPIGE LINI?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linashauri kila mjamzito apigwe utrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki 24. Kwa mwenye kovu, tungekushauri uongee na daktari wako kuhusu vipindi vitatu.

Cha kwanza ni mapema, wiki ya 6 hadi ya 9. Wakati huo mtaalamu anaweza kuona kama mimba imejipandikiza kwenye kovu lenyewe. Hiyo ni habari ya kujua mapema, si ya kungoja.

Cha pili ni kile cha kawaida, karibu na wiki ya 20. Hapa ndipo kondo linapopewa anuani. Ukiambiwa liko chini, usianze kulia njiani. Kadiri kizazi kinavyokua, makondo mengi yaliyokuwa chini huonekana yamepanda juu yenyewe.

Cha tatu ni karibu na wiki ya 32, kwa wale ambao kondo lilikuwa chini. Kama bado limeziba njia na wewe una kovu, huo sasa ni wakati wa kupelekwa kwa daktari bingwa wa akina mama kwenye hospitali kubwa. Usingoje uchungu.

Na katikati ya hayo yote, damu ikitoka ukeni, hata kama huna maumivu yoyote, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usimruhusu mtu akupime kwa vidole kabla haijajulikana kondo liko wapi.

WAKILIONA, INAKUWAJE?

Kwanza, tarehe inapangwa. Miongozo ya Marekani inashauri kumtoa mtoto kati ya wiki ya 34 na mwisho wa wiki ya 35, kabla uchungu haujaanza wenyewe. Mama hupewa sindano za kusaidia mapafu ya mtoto yakomae, na chumba cha watoto njiti hujulishwa.

Pili, timu inaandaliwa: daktari bingwa wa uzazi, wa usingizi, wa watoto, na mara nyingine wa mfumo wa mkojo. Damu inaandaliwa mapema. Hapa wenzetu wa Bongo mnajua ilivyo, ndugu huombwa kuchangia. Mwanaume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Yale makundi yenu ya kuchangiana harusi yanaweza kabisa kufanya kazi hii.

Tatu, mtoto hutolewa kwa kupasua sehemu ambayo kondo halipo, na kondo halivutwi. Mara nyingi daktari huondoa kizazi pamoja na kondo likiwa ndani yake. Baadhi ya hospitali zenye wataalamu wa jambo hili huweza kukata sehemu iliyoharibika tu na kushona, au kuliacha kondo na kumfuatilia mama kwa wiki nyingi, lakini si kwa kila mtu na si kila mahali.

MAZUNGUMZO YA CHUMBANI

Sasa tuje kwenu wawili. Kutolewa kizazi. Maneno hayo ni mazito, hasa kama mtoto ni wa pili na mlikuwa mmepanga wanne.

Tuseme hamkujua lolote. Mama yuko mezani, anavuja damu. Nesi anatoka mbio na karatasi: "Baba, tunatakiwa kutoa kizazi ili tumwokoe mama. Saini hapa." Baba anatetemeka. Anampigia kaka yake. Kaka anasema ngoja aongee na mama. Mama anauliza, kwani hakuna njia nyingine? Dakika tano zimepita. Kumbuka ile chupa ya nusu lita.

Wanandoa waliojua wiki sita kabla hawafiki huko. Wameshakaa sebuleni usiku mmoja, televisheni imezimwa, wakaongea. Mama ameshasema anachotaka, maana mwili ni wake na neno lake ndilo la kwanza. Baba ameshasema, mke wangu, nakutaka wewe uwe hai. Ndugu wameshaambiwa, au wameamua wasiwaambie. Siku ya siku hakuna wa kupigiwa simu.

Kuna jambo wengi wanaogopa kuuliza: je, mambo yetu ya ndani yatakuwaje? Sikia hii. Kwenye operesheni hii ovari kwa kawaida huachwa mahali pake. Kwa hiyo homoni zinaendelea, na mama hazeeki ghafla. Hedhi haitakuja tena na mimba haitabebwa tena, lakini tendo la ndoa linarudi mwili ukishapona na daktari akishasema sawa. Kinachochelewa kupona mara nyingi ni moyo. Mama anaweza kulia miezi hata kama mtoto yuko mikononi, mzima na mnene. Baba, usimwambie ashukuru tu Mungu. Kaa naye. Na wifi akianza maneno ya "mwanamke asiye na kizazi", ni kazi yako kumnyamazisha, si ya mkeo.

NENDA NA MASWALI HAYA

Yaandike kwenye simu kabla ya kuingia chumba cha kipimo:

1. Nilishafanyiwa operesheni mara kadhaa (taja ngapi, na mwaka gani). Kondo limekaa wapi, mbele au nyuma, juu au chini?
2. Je, limefika kwenye kovu au kwenye mlango wa kizazi?
3. Ule mstari kati ya kondo na kizazi unaonekana vizuri?
4. Je, nirudi wiki ya 32? Naomba iandikwe kwenye kadi yangu ya kliniki.
5. Kama kuna wasiwasi, ni hospitali gani nianze kwenda sasa?

Beba pia karatasi za operesheni iliyopita kama unazo. Kama hunazo, rudi ulikojifungulia uziombe.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo mkiwa kwenye lile benchi, umebanwa, maji yamekujaa, kubalianeni kabisa. Mama ataanza na swali la kondo. Likijibiwa, na kuandikwa kwenye kadi, basi baba watoto naye aruhusiwe kuuliza lake la mpira au mdoli.